Barua ya mbunge wa jimbo: kura kwanza, picha baadaye

Jumatatu ya Juni 9, 2025, katika kikao maalumu mjini St. Paul, Baraza la Wawakilishi la Minnesota lilipitisha mswada wa kuwaondoa watu wazima wasio na makaratasi kwenye bima ya afya ya jimbo, MinnesotaCare. Kura zilikuwa 68 kwa 65. Upande wa DFL, jina wanalolitumia Democrats wa Minnesota, aliyeunga mkono alikuwa mmoja tu: Melissa Hortman wa Brooklyn Park, kiongozi wa chama hicho barazani na spika wa zamani. Viti vilikuwa vimegawanyika 67 kwa 67, na bila makubaliano hayo bajeti isingepita na baadhi ya shughuli za serikali ya jimbo zingesimama kuanzia Julai 1. Warepublican walitaka bima hiyo iondolewe kwa wote, watoto kwa wakubwa. Mapatano yakawabakisha watoto, watu wazima wakatolewa kuanzia mwisho wa mwaka. Baada ya kura, Hortman alisimama mbele ya waandishi wa habari, akalia, akaeleza kwa nini alikubali kubeba kura ambayo wenzake wote waliikimbia.

Siku tano baadaye, alfajiri ya Jumamosi, yeye na mumewe Mark waliuawa kwa risasi nyumbani kwao. Usiku huohuo Seneta John Hoffman na mkewe Yvette walipigwa risasi nyumbani kwao Champlin, wakanusurika.

Kuhusu mauaji hayo yameandikwa mengi. Hapa nataka kukaa na ile kura, kwa sababu ndiyo kipimo ninachokitumia kila nisomapo barua za wabunge wa majimbo ya Marekani kwa watu wao. Barua hizi ni desturi ya muda mrefu. Kikao kinapoendelea wengine huziandika kila wiki, wengine kila mwezi, na kikao kikifungwa wengi hubaki na ya mwezi. Ndani yake mna salamu, miswada, kamati, picha za hafla na nambari ya simu ya ofisi. Mimi huanza kwa kutafuta jambo moja: mbunge huyu amenieleza kura iliyomuuma, au amenionyesha zile za kupigiwa makofi tu? Kura ya Juni 9 iliwagusa Wakenya, Wakongo na Warundi wengi wa vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis. Ama wao wenyewe hawana makaratasi, ama wana ndugu asiye nayo, ama wanafanya kazi katika zahanati na nyumba za wazee ambako mgonjwa asiye na bima hufika akiwa hoi. Mtu wa eneo hilo anastahili kuikuta kura hiyo kwenye barua, imeandikwa waziwazi pamoja na sababu zake, mbunge wake awe alisema ndiyo au la.

Barua nyingi hufunika kombe, na hufanya hivyo bila kusema uongo hata mmoja. Inafaa tuone jinsi inavyofanyika.

Tuchukue sentensi iliyozoeleka: "Mwezi huu nimewasilisha mswada wa kuwasaidia wahudumu wa wazee." Inapendeza, na huenda ni kweli tupu. Lakini katika Bunge la Minnesota miswada inayowasilishwa katika muhula wa miaka miwili huhesabiwa kwa maelfu, na inayofika kuwa sheria ni sehemu ndogo sana. Mswada una mwandishi mkuu, ambaye ndiye mwenye mzigo: anautafutia nafasi kwenye kamati, anawatafuta mashahidi, anajadiliana na mwenzake wa Seneti. Kisha wapo waandishi wenza, na hao wanaweza kuwa wengi, kila mmoja ameongeza jina lake tu. Wote wanaweza kuandika nyumbani kwamba wako nyuma ya mswada huo. Kwa hiyo msomaji aulize: wewe ni mwandishi mkuu? Kamati imeusikiliza? Kila kikao kina tarehe za mwisho za kamati, na mswada usiosikilizwa kabla ya tarehe hizo kwa kawaida hauendi mbele tena mwaka huo. Ukiwa ni mwaka wa kwanza wa muhula haufi, hulala ukingojea mwaka wa pili. Tofauti ya mswada uliolala na mswada uliokufa ni kubwa kwa mtu aliyeujengea matumaini. Sijui kwa nini barua za mwezi wa tarehe hizo zinaona aibu kuitaja. Mbunge akiniambia, "Mswada wangu haukupata nafasi, mwenyekiti wa kamati hakuutaka, nitaurudisha mwakani," nitamheshimu kuliko yule aliyenitumia orodha ya miswada ishirini isiyo na hatima.

Halafu kuna neno "tumepitisha". Usiku wa Mei 19, 2024, dakika chache kabla ya saa sita, muda wa kisheria ukiyoyoma, DFL waliokuwa wakiongoza mabaraza yote mawili walikusanya kodi, uchukuzi, kazi, afya, nishati, bunduki na mengine mengi ndani ya mswada mmoja wa kurasa zaidi ya 1,400, wakaupitisha huku Warepublican wakipiga kelele kwenye vipaza sauti. Katiba ya Minnesota, ibara ya nne, inasema sheria isibebe zaidi ya mada moja. Mwaka 2025 jaji wa Kaunti ya Ramsey alifuta kipengele kimoja cha sheria hiyo, kilichopiga marufuku vifaa vinavyoifanya bunduki itoe risasi kifyatuo kinapovutwa na nyingine kinapoachiliwa. Hoja ya jaji haikuhusu uzuri au ubaya wa bunduki. Alisema kipengele hicho hakikuwa mahali pake.

Mnaona matokeo yake kwa msomaji wa barua. Mbunge aliyepiga kura ya ndiyo anaweza kuchukua mambo kumi mazuri kutoka kurasa 1,400 na kuyaandika kuwa kazi ya mikono yake. Aliyepiga kura ya la anaweza kuchukua kumi mabaya na kuandika kwamba alikulinda. Wote wawili wana ushahidi, na hakuna aliyedanganya. Mswada mkubwa wa namna hii humpa mbunge barua mbili kwa kura moja, naye huchagua ya kututumia. Mimi hulihesabu hili kuwa tatizo kubwa kuliko lugha tamu ya barua yenyewe, kwa sababu hata msomaji mwangalifu hushindwa kupima kura moja iliyobeba mambo mia.

Mwaka 2025 ulianza na fumbo zuri zaidi. Kikao kilifunguliwa Januari 14. DFL walikuwa na upungufu wa kiti kimoja kwa muda, baada ya mahakama kuamua kwamba mshindi wa eneo bunge la 40B hakuwa mkaazi halali wa eneo hilo. Wakiogopa Warepublican wangetumia wingi huo wa siku chache kumchagua spika na kushika kamati zote, walikaa nje. Warepublican wakaendelea na vikao wakisema akidi imetimia kwa wabunge 67. Januari 24 Mahakama ya Juu ya Minnesota ikaamua kwamba akidi ni 68. Yale yaliyokuwa yamefanyika hayakuwa na nguvu. Makubaliano yalipatikana mwanzoni mwa Februari, na Lisa Demuth wa Republican akawa spika.

Sasa fikiria barua ya mwezi wa Januari. Mbunge mpya, ameapishwa, ana mshahara wa umma, na baraza lake halijakaa kihalali hata siku moja. Ataandika nini? Kwa upande mmoja, jibu ni kwamba tuko kazini kila asubuhi, wenzetu wametoroka. Kwa upande wa pili, tunalinda chaguo la wapiga kura dhidi ya unyakuzi wa mamlaka. Mwananchi wa Brooklyn Park aliyetaka kujua tu kama ruzuku ya shule ya mwanawe iko salama alibaki katikati. Maoni yangu ni kwamba DFL walikuwa na hoja ya kisheria yenye uzito, na mahakama ikawapa haki. Lakini kuwa na haki hakukuwaondolea wajibu wa kumwambia mwananchi: wiki hizi tatu hakuna kamati iliyosikiliza jambo lako, na tumeamua iwe hivyo kwa sababu hizi. Sentensi kama hiyo ni ngumu kuiandika, na mbunge anayeiweza ni wa kumshikilia.

Sehemu ya pili ya barua huwa ni ya jamii: mkutano wa hadhara maktabani, ziara ya shule, ufunguzi wa biashara, sherehe za watu wa asili hii na ile. Hapo ndipo sisi Waswahili wa ughaibuni tunapopofuka, na nasema hivi kwa uchungu. Tumetoka kwenye siasa za harambee. Mbunge mwema kwetu ni aliyekuja matangani, aliyetoa basari, aliyeweka bati shuleni. Kenya iliijengea desturi hiyo mfuko wa umma wa maendeleo ya maeneo bunge mwaka 2003, CDF, ambao baadaye ukaitwa NG-CDF. Hata Mahakama Kuu ilipoamua Septemba 2024 kwamba unakiuka katiba, wengi waliuliza kwanza nani atalipa karo. Sioni aibu katika swali hilo. Njaa ya karo ni ya kweli. Lakini mazoea hayo tumeyapakia kwenye mizigo, tukashuka nayo uwanja wa ndege. Mbunge wa jimbo akija kwenye harambee ya kusafirisha mwili wa marehemu kwenda Kisii au Bukavu, akasema maneno mawili, akapiga picha, mwezi ujao picha iko kwenye barua, nasi tunaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp: "Huyu ni wetu." Hatumuulizi kuhusu kamati. Hatumuulizi kuhusu bima.

Kuja kwenye msiba ni ubinadamu na hakuna anayekukataza. Shida ni kwamba mbunge wa jimbo la Marekani hana mfuko wa basari wala bati la kugawa. Mamlaka yake yote yamo katika sheria na bajeti. Sheria ya likizo ya familia na matibabu yenye malipo, iliyotiwa saini 2023 na kuanza kutumika Januari 1, 2026, inamwezesha mfanyakazi kupata hadi wiki 12 kwa ajili ya ugonjwa wake au 12 za kumuuguza mzazi au kulea mtoto mchanga, na zisizidi 20 kwa mwaka akichanganya. Kwa mama anayefanya zamu mbili katika nyumba ya wazee, hiyo ni pesa nyingi kuliko harambee yoyote tuliyowahi kuchangishana. Wapo waliojifungua Januari ile bila kujua kwamba wana haki nayo. Mbunge aliyeunga mkono sheria hiyo na akaandika, kwa maneno rahisi, namna ya kuomba na karatasi zinazotakiwa, amefanya kazi ya jamii iliyo bora kuliko picha ishirini. Na aliyeipinga aandike kwa nini. Waajiri wadogo, wakiwemo Wakenya wenye nyumba za kuwatunza walemavu, wana malalamiko yao kuhusu makato, nao ni wananchi wake.

Wala tusiseme kwamba sisi hatuna utamaduni wa kufuatilia kura. Juni 2024 vijana wa Kenya waliuchambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani kwenye video fupi, wakasambaza majina ya wabunge na kura zao. Juni 25 mswada ulipopita kwa 195 dhidi ya 106, nchi nzima ilijua nani alisema ndiyo na nani alisema la. Vijana waliuawa siku hiyo barabarani. Kesho yake rais akakataa kuutia saini. Mbunge aliyezoea kupimwa kwa basari alijikuta anapimwa kwa kura, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Watu wale wale wana ndugu Minnesota, Maine, Texas na Kentucky. Kwa nini ujuzi huo ufe ukivuka bahari?

Jibu moja ninalolisikia sana: "Mimi sipigi kura hapa." Wengi wetu bado ni wakaazi wa kudumu, wengine wanangojea kesi za ukimbizi, wengine hawana hata hicho. Lakini mipaka ya maeneo bunge huchorwa kwa kuhesabu watu wote, raia na wasio raia. Sensa ya 2020 iliikuta Minnesota na watu 5,706,494. Ukigawanya kwa viti 134 vya Baraza la Wawakilishi, kila mbunge ana watu kama 42,600. Mkongo aliyefika juzi ni mmoja wao. Kiti hicho kimepimwa kwa kichwa chake pia. Ana haki ya kupiga simu, kuandika, kufika mbele ya kamati na kutoa ushahidi, na hakuna atakayemdai kadi ya kura mlangoni. Anayekaa kimya kwa sababu hajawa raia amemwachia mtu mwingine asemee kwa hesabu yake.

Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia barazani kutoka eneo la 38A, ambalo limebeba sehemu ya Brooklyn Park. Ilikuwa fahari, na nilifurahi pamoja na waliofurahi. Hata hivyo fahari isitufanye tumpime kwa kipimo kingine. Barua yake na isomwe kama ya mbunge wa asili ya Norwe kutoka kule mashambani: miswada ipi, kamati ipi, kura gani. Tukimsamehe kwa sababu ni dada yetu, tutakuwa tumemrudishia mzigo wa harambee alioukimbia mzazi wake.

Lugha nayo ina uzito wake. Nyingi ya barua hizi ni za Kiingereza, tena Kiingereza cha bungeni, kilichojaa vifupisho vya kamati na idara. Bibi aliyelelewa Uvira anayeishi na binti yake Coon Rapids hataisoma, wala hatakuwa na haja ya kuisoma yote. Anahitaji aya tatu: kilichobadilika, kinamhusu nani, apige simu wapi. Ofisi ya mbunge yenye msaidizi mmoja haiwezi kutafsiri kila kitu kwa lugha zote, hilo naelewa. Lakini aya tatu kwa mwezi zinawezekana, na pale zisipowezekana makanisa, misikiti na vyama vyetu vina watu wanaojua lugha zote mbili. Wanachokosa ni mtu wa kuwaomba, na mazoea ya kuisoma barua kabla ya kuisambaza.

Baada ya mauaji ya Juni 14, 2025, jambo jingine limebadilika. Anwani za nyumbani za wabunge, ambazo zamani mtu yeyote angeziona, zimeondolewa hadharani. Aliyefyatua risasi alibisha milango akiwa amevaa kama askari, na alikuwa na majina ya wanasiasa wengine wengi. Kwa hiyo naelewa mbunge anayepunguza mikutano ya ana kwa ana, na familia inayomsihi apunguze. Simlaumu. Ila mbunge akikutana na watu wachache, barua yake inabeba zaidi: ndiyo mahali pekee ambapo mtu wa kawaida atamsikia akijieleza bila kipaza sauti cha chama. Hapo ndipo barua isiyo na kura inapouma mara mbili.

Katiba ya Minnesota inataka kura za kupitisha sheria ziandikwe kwenye kumbukumbu rasmi za kila baraza, na zinaonekana bure kwenye tovuti ya Bunge. Unaweka nambari ya mswada, unapata majina. Tovuti hiyohiyo ina mahali pa kuweka anwani yako ujue mbunge wako ni nani. Basi chukua barua ya mwezi huu. Tafuta mswada mmoja unaokugusa, angalia nambari yake, angalia kura. Kama imo kwenye barua na inalingana, mjibu mbunge umwambie umeiona. Kama haimo, muulize kwa mistari miwili: ulipigaje kura kwenye mswada huu, na kwa nini? Andika kwa Kiswahili ukitaka, uweke anwani yako ya eneo hilo chini. Kwa wale waliopoteza MinnesotaCare Desemba 31, 2025, swali la kwanza liko tayari: mtu mzima asiye na bima sasa aende kliniki gani, na mbunge atafanya nini katika kikao kijacho kuhusu fedha za kliniki hizo?